Fundi Revelian na Sanduku la Changarawe

Zamani dansi lilikuwa na watu kumi na saba jukwaani na fundi mmoja pembeni aliyeheshimiwa kuliko mwimbaji. Siku hizi jukwaa zima ni vijana watatu na kompyuta, na fundi hakumbukwi mpaka kitu kiungue.

Fundi Revelian aliziishi zama zote mbili, na hilo ndilo lililomchosha. Alitoka Kamachumu mwaka sabini na nne, akavuka ziwa kwa meli hadi Mwanza, akapanda treni ya kuja Dar es Salaam akiwa na mashati mawili na kitabu kimoja cha redio kilichokosa jalada. Kitabu kilikuwa cha Kiingereza. Alikisoma miaka mitatu, kamusi ikiwa pembeni, ukurasa kwa ukurasa, kama katekista anayeogopa kumfundisha mtu uongo. Chuo hakukiona wala cheti hakukipata. Lakini alipoajiriwa na shirika moja la umma lililokuwa na bendi yake, wahandisi wenye vyeti ndio waliomfuata kumuuliza kwa nini spika zinakoroma.

Enzi hizo fundi mitambo alifika ukumbini saa nane mchana, watu wangali wanapiga pasi suruali zao. Alikuja na mwimbaji mmoja, akamwacha jukwaani aimbe peke yake huku yeye akihama kiti hadi kiti. Bendi ilipoanza, mtu wa meza ya nyuma kabisa alisikia kidole cha mpiga besi kikiachia uzi. Watu walikuja kusikiliza, si kupigiwa kelele. Ukitaka kucheza na mke wa mtu ulimwomba mumewe, ukacheza, ukamrudisha kwenye kiti chake. Kisha shirika likafa, bendi ikafa nayo, vyombo vikapigwa mnada uani kama mbuzi. Tarumbeta moja Revelian aliiona miaka mingi baadaye katika baa moja ya Kawe, imetundikwa ukutani na kutiwa maua ya plastiki. Hakumaliza soda yake.

Yeye alinusuru kitu kimoja tu: transfoma kubwa ya amplifaya ya bendi, ile sehemu ya chuma na shaba inayopokea umeme wa ukutani na kuugawa kwa mashine. Aliifunga kwa kanga ya mkewe na kuiweka kabatini. Akatoa meza barazani kwake Temeke, akaanza kutengeneza redio za majirani.

Hapo barazani ndipo alipokuja Zahor, mwaka tisini na sita. Zahor alikuwa wa ukoo wa Kiarabu wenye duka la vitambaa Tandika, na ndugu zake walikuwa wamemkatia tamaa, maana badala ya kupima vitambaa alishinda na kikundi cha mnanda, vijana wenye ngoma, spika za honi za msikitini zilizochakaa na kinanda cha kuchezea watoto. Walikuwa na harusi siku mbili mbele na amplifaya yao imekufa. Revelian hakuupenda mnanda, lakini hakuwa na kazi nyingine wiki ile. Akaokota alichokuwa nacho: transfoma ndogo mno, iliyotolewa kwenye mashine isiyohusika, na kapasita za namna tatu tofauti, vile vikopo vidogo vya kutunzia umeme. Akavifunga vyote ndani ya sanduku la mbao lililopakwa rangi ya kijani.

"Itakufikisha Jumapili," alimwambia. "Jumatatu uizike."

Na kwa sababu alikuwa na desturi ya kuandika jina lake ndani ya kila kazi, akaandika kwa penseli chini ya kifuniko: *Revelian, fundi, 1996*. Mkono ulifanya kwa mazoea. Baadaye alijuta, maana sanduku halikuzikwa. Lilipiga harusi, ngoma za kumtoa mwali, mikutano ya kampeni. Lilidumu hata likamzika Zahor mwenyewe. Kila lilipopita mtaani likikwaruza, Revelian alifunga dirisha.

Kijana aliyelifufua alikuwa Azan, mtoto wa dada yake Zahor. Alilikuta stoo chini ya majora ya vitambaa. Akaliunganisha na kompyuta ya rafiki yake Rogers, na Loveness, binti wa mwalimu wa jirani, akawa anaghani juu yake kwa kasi ya cherehani. Wakajiita Changarawe. Walirekodi uani kwa kina Loveness, nyuma ya nyumba ya Revelian, na rekodi zikazunguka kwenye simu za watu hadi zikafika Ujerumani. Nyumba moja ya muziki mjini Leipzig ikawaalika miezi miwili: wakae, wafanye kazi, na mwishoni wapige mbele ya watu wanaoandaa matamasha ya Ulaya nzima. Wakipendwa, wangezunguka nchi sita. Wasipopendwa, wangerudi Temeke na begi la picha.

Siku nne kabla ya safari walilibeba sanduku mpaka barazani.

"Shikamoo, babu," alisema Azan.

"Marahaba. Mmeniletea tena hili dubwana?"

"Tunasafiri nalo. Tunaomba utukagulie waya wa umeme tu, lisije likatukaanga huko kwa watu."

"Waya tu?"

"Waya tu, babu. Mengine usiguse, sie tumelizoea hivyo hivyo."

Loveness alikuwa ameinama anachungulia ndani kupitia tundu la pembeni. "Babu, hivi hili ulilitengenezaga ukiwa na njaa?"

"Nani kakwambia nimelitengeneza mimi?"

"Si umeandika jina. Wazungu wakilifungua watakusoma."

Wale watatu walicheka, na Revelian naye alicheka kidogo, kwa adabu. Lakini walipoondoka neno lile lilibaki naye. Aliwaona mafundi wa Kijerumani, watu kama waliokiandika kile kitabu chake, wameinamia kazi yake mbaya kuliko zote na jina lake chini ya kifuniko. Mgonjwa humwambia daktari mahali pa kugusa na mahali pa kuacha. Daktari gani humsikiliza?

Akafanya kazi siku nne, kutoka chai ya asubuhi hadi mwanga ulipokwisha. Aling'oa kila kitu. Alipofika kwenye transfoma, alisimama, akaenda kabatini, akafungua kanga.

Kokushubila, mkewe, alimwona. "Baba Clara, hiyo si ya bendi?"

"Ya bendi."

"Miaka yote umeikatalia hata kanisa."

"Kanisa halisafiri."

Aliiweka. Akalehemu kila kiungo mara mbili, akapanga waya kama nywele zilizosukwa. Vipande vya zamani vilikwenda kwenye gunia la vyuma chakavu, na gunia likaondoka na mnunuzi Ijumaa. Alipolijaribu sanduku kwa kaseti ya bendi yake, kidole cha mpiga besi kilisikika. Alikaa kitini, akairudisha kaseti mwanzo. Akaamua asiwaambie chochote. Wagundue wenyewe, mbele ya watu.

Siku ya safari walipokuja kulichukua, umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima. Rogers alitaka kulijaribu, akabonyeza swichi, akacheka mwenyewe. Teksi ilikuwa inapiga honi. Wakapeana mikono na mzee, wakaenda.

Siku ya tisa Loveness alipiga simu, ya picha. Nyuma yake palikuwa na dirisha kubwa na mti usio na jani.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mama. Wamesemaje kuhusu sauti?"

Loveness alitazama dirishani. "Wamesema ni safi."

"Enhee."

"Babu, ndiyo ishu yenyewe. Walipiga makofi kama ya kumkaribisha mbunge. Kisha mwenyeji wetu akatuita pembeni, akauliza ile sauti ya kwenye rekodi iko wapi. Hapa kila mtaa una watu wenye kompyuta na vyombo safi. Sie tukiwa safi tunakuwa wale wale, tena wa mkiani."

Azan akachukua simu. Macho yake yalikuwa mekundu. "Babu, umefungua sanduku."

"Nimefungua."

"Nilikwambia waya tu."

"Nimewawekea moyo wa bendi yangu humo ndani, Azan. Kitu ambacho sikumpa mtu. Nimewafanyia kazi ya kiutu, nyie mnanililia kwa kuwa haikwaruzi?"

"Lilikuwa la mjomba," alisema Azan. "Umemtoa mjomba ndani yake."

Revelian akakata simu. Akaiweka kifudifudi mezani.

Siku mbili hakugusa kazi. Alikaa barazani akijitetea mbele ya mtu asiyekuwepo. Kizazi hiki kimepewa masikio kikayatia mchanga. Mtu akila chakula kilichoungua tangu utotoni, ukimpikia vizuri atasema hakina ladha. Hayo yote aliyasema kwa sauti, na Kokushubila, aliyekuwa anachambua mchele, aliyapokea bila kuinua kichwa.

"Ulipokuja kunichumbia ulikuwa unakohoa," alisema mwishowe. "Baba akaniuliza, ni huyu huyu? Ningesubiri upone, ningeolewa na mwenye ng'ombe."

"Hayo yanahusianaje?"

"Sijui. Wewe ndiye msomi." Akapuliza makapi. "Watoto wa watu wako ugenini, Baba Clara. Wamebakiza wiki saba. Hilo ndilo ninalolijua."

Revelian akamwomba mkewe simu, akaketi sebuleni, akatafuta ile rekodi ya uani. Hakuwahi kuisikiliza kwa makusudi. Mwizi hasikilizi hukumu yake mara mbili. Mwanzoni alisikia alichokitarajia: takataka. Akarudia. Mara ya tatu akafumba macho kama alivyofanya kazini, na akaanza kusikia namna takataka ile ilivyopangika. Ngoma ya kompyuta ilipopiga, muziki wote ulizama, kama mtu aliyemezeshwa maji, kisha ukaibuka umekasirika. Hiyo aliielewa: ni ile transfoma ndogo, iliyokuwa inaishiwa nguvu. Lakini kulikuwa na kuzama kwingine, kusikofuata ngoma. Kulikuja kulipotaka, kwa vipindi vifupi vifupi, na Loveness alikuwa anakusubiri, anakirukia kile kishimo kwa sauti yake kama mtoto anayeruka kamba.

Alikuwa bado amefumba macho wakati feni ya sebuleni ilipopunguza kasi, ikarudi, ikapunguza tena. Kwenye simu muziki ulikuwa unafanya vivyo hivyo, si kwa wakati mmoja lakini kwa mwendo ule ule.

Akainuka akatoka nje. Ng'ambo ya ukuta jirani yake Albano, mchomelea mageti, alikuwa amevaa miwani yake myeusi, anagusa chuma, anaachia, anagusa, anaachia. Kila alipogusa, umeme wa mtaa mzima ulikunja magoti.

"Albano," alisema Revelian.

"Naam, mzee. Nakusumbua?"

"Watoto walipokuwa wanarekodi hapa uani, wewe ulikuwa unachomelea?"

"Mie nachomelea kila siku, mzee. Njaa haina likizo."

Revelian alirudi ndani na kupiga simu mwenyewe, kitu ambacho hakuwa na mazoea nacho. Azan alipokea bila kumwamkia. Mzee hakumlaumu.

"Nisikilize," alisema. "Vipande vya zamani vimeshakwenda na mnunuzi. Lakini hata ningekuwa navyo, hata ningewaletea hilo sanduku kama alivyoliacha mjomba wako, huko lisingeimba. Nusu ya ile sauti ilikuwa sanduku. Nusu ilikuwa umeme wa Temeke. Nyie hamkuwa watatu. Mlikuwa wanne, na wa nne alikuwa Albano."

"Albano wa mageti?"

"Huyo huyo. Kila alipochoma, nyie mlizama. Huko mliko umeme haupungui, haupandi, umesimama kama askari wa gwaride. Ndiyo maana mmekufa."

Kisha sauti ya Rogers, yule asiyesema sana, ikatokea nyuma. "Kwa hiyo tumekwisha, babu."

Hapo Revelian angeweza kusema ndiyo. Kitabu chake kizima, na maisha yake yote, vilikuwa vya kuuzuia umeme usiyumbe. Alivuta kiti.

"Kuna transfoma yenye kirungu juu," alisema polepole. "Unazungusha kwa mkono, umeme unapungua au unaongezeka upendavyo. Sisi tuliitumia kuokoa vyombo, umeme ukishuka tunaupandisha. Tafuteni moja. Chomekeni sanduku humo. Halafu mfanye kinyume: mpunguze wakati unatosha."

"Nani azungushe?"

"Nipe Loveness." Loveness alipokuja, akamuuliza, "Mama, umeme wa jioni huku kwetu unaukumbuka?"

"Babu, nimesomea huo mpaka kidato cha nne. Naujua hata nikiwa usingizini. Saa kumi na mbili unashuka watu wakiwasha pasi, halafu mashine ya kusaga, halafu pampu ya maji ya jirani zetu kina Reem, halafu Albano anamalizia geti."

"Basi zungusha hayo."

Kirungu walikipata kwenye stoo ya ile nyumba, kimejaa vumbi. Mtaalamu wa sauti wa pale alikataa siku mbili. Alisema mashine nzuri kama ile ni dhambi kuinyima umeme. Revelian aliposimuliwa hilo alimpenda yule mtu bila kumjua. Mazoezi ya wiki ya kwanza yalikuwa mabaya. Transfoma ya bendi ilikuwa na nguvu nyingi, haikuanguka ovyo kama ile ndogo. Ilishuka taratibu, ikilalamika, kama mtu mzima anayekalishwa chini. Azan alituma ujumbe kuwa si yenyewe. Revelian akajibu kwamba haitakuwa yenyewe kamwe, waache kuitafuta, watazame hii inataka nini. Kila siku baada ya chakula cha mchana walimpigia, akasikiliza, akasema shusha zaidi, usiogope, hapo ngoja. Kirungu wakakiita Albano. "Love, mpe Albano," alisikia Rogers akisema, na mwenyewe Albano, aliyekuwa anapita na mfuko wa vyuma, akauliza ng'ambo ya ukuta nani anamtaka.

Onyesho la mwisho walilitazama kwenye simu, yeye na Kokushubila, kesho yake baada ya misa. Watu wa kule walianza wamekunja mikono, kama waliokuja kukagua nyumba ya kupanga. Loveness alishika kipaza sauti mkono mmoja, kirungu mkono mwingine. Sauti ilipoanguka mara ya kwanza walitazamana, wakidhani kitu kimeharibika. Ya pili wakaona mkono wake. Ya tatu walizama wote naye, ukumbi mzima, magoti yakakunjika, na alipowainua hakuna aliyekuwa amekunja mikono tena.

"Wamependwa," alisema Kokushubila.

Revelian aliinamia simu. Alikuwa anasikia transfoma yake. Ilikuwa inafanya jambo ambalo miaka ishirini alilinda isilifanye, na ilikuwa inalifanya vizuri.

Wakazunguka zile nchi sita. Azan akaandika kuomba radhi kwa maneno yake ya siku ile, na mzee akamjibu kwamba yeye ndiye wa kuomba radhi, maana aliambiwa waya tu. Wakakaa huko mwaka na zaidi.

Walirudi mara moja, wiki mbili, na Jumamosi moja alasiri walipiga kwenye uwanja wa vumbi Temeke, bure, kwa ajili ya nyumbani. Watu walijaa. Loveness alipozungusha kirungu na sauti ikazama, uwanja ukapiga mluzi.

"Luku imeisha hiyo," alisema mtu mmoja.

"Nyie wa Ulaya mmekosa hata jenereta?"

Kijana mmoja wa kamati alikimbia kukagua mita, akarudi akitikisa kichwa, akakimbia tena. Azan alijaribu kueleza kwenye kipaza sauti, wakamzomea kwa upendo. Watu wa Temeke hawakuona sababu ya mtu kusafiri mpaka Ujerumani akajifunze kukata umeme. Walicheza, ndiyo, lakini walicheza zaidi pale kirungu kilipopumzika.

Albano alisimama karibu na Revelian, mikono nyuma. "Mzee, ndo mie huyo?"

Revelian aliinamisha kichwa asikie vizuri. Mwanzoni alitafuta pasi za jioni, na mashine ya kusaga, na Albano mwenyewe akigusa chuma. Havikuwepo. Mkono wa Loveness ulikuwa umejifunza mwendo mwingine. Ulishusha muziki kwa muda mrefu usiovumilika, ukauacha chini huko karibu na kimya, hata watu wakaanza kuongea, kisha ukaurudisha kutoka upande usioutarajia. Haukuwa umeme wa Temeke, wala bendi ya shirika, wala mnanda wa Zahor. Mara mbili alifungua mdomo kana kwamba yuko kwenye simu, aseme hapo ngoja, na mara zote mbili yule binti alikuwa ameshapita pale alipotaka kumwambia.

"Sidhani," alimjibu Albano.

Walipomaliza walikuja wote watatu kumwamkia. Loveness alipiga goti kidogo kwenye vumbi na viatu vyake vyeupe, akacheka alipoona anavitazama. Gari lilikuwa linasubiri. Safari yao ilikuwa jioni ile ile, na sanduku la kijani lilikuwa tayari limefungwa mikanda kwenye kiti cha nyuma kama abiria. Azan aliingia wa mwisho. Akashusha kioo.

"Babu, kuna mahali ungerekebisha?"

Mzee alifikiri, maana aliulizwa kwa dhati na alistahili kujibu kwa dhati.

"Hapana," alisema. "Hii siijui."

Azan alimtazama, kisha akaitikia kwa kichwa. Gari likaondoka polepole kati ya watu waliokuwa wanatawanyika, likakunja kuelekea barabara ya uwanja wa ndege. Hakuwaona tena.